Mkeka Usio na Upindo

Mji ule haukuwa na jina. Haukunyimwa, ulikosa tu mtu wa kuubeba, kuuweka juu ya meza na kuuchora, na huko kitu kisichochorwa hakidumu midomoni. Siku nazo zilikuja zilivyopenda. Jumatano iliweza kufuatwa na Jumatatu, watu wakaamka wakafanya ya Jumatatu bila kunung'unika, kwani kunung'unika hakujawahi kumletea mtu Alhamisi. Iliyoogopwa ilikuwa Jumamosi peke yake. Hiyo ilipotokea, hata kama jana yake ilikuwa Jumamosi vilevile, ndipo Jumba la Picha lilipokagua kazi za wachoraji wake, na kilichokataliwa siku hiyo kilikuwa kimekwisha.

Somoe alikuwa mchoraji wa Jumba. Kazi yake ilikuwa kuchora kwa rangi za maji vitu ambavyo watu wamevitengeneza kwa mikono na kuvitumia mpaka wakaacha kuviona: mbuzi ya kukunia nazi, kata ya kuchotea maji, kawa la kufunikia chakula, ungo, kipepeo cha kupepea makaa, mwiko ulioungua ncha. Kila kitu kilichorwa kwa ukubwa wake halisi, kivuli kikilalia kushoto, nyufa zote zikiwepo, na alama za meno ya panya kama zipo. Mkono wa mtu haukuruhusiwa. Chakula hakikuruhusiwa. Mkaguzi wa Jumba, Bwana Msabaha, alisema mkono huchafua kitu. Kitu safi ni kile kilichokaa peke yake juu ya karatasi, hakuna anayekiinua wala anayekitua. Basi watu wakawa wanakumbuka barabara sura ya kila kitu, na kidogo kidogo wanasahau kazi yake. Bwana mmoja wa mtaa wa juu alikwenda harusini amevaa kifumbu kichwani, kile kile cha kuchujia tui, na wenyeji wakamsifu kwa kofia. Somoe alicheka sana siku ile. Baadaye alikaa akafikiri, kicheko kikamwisha.

Alikuwa na tabia ya kufikiri akingoja rangi ikauke, na rangi za maji humpa mtu nafasi nyingi ya kungoja. Haziharakishwi. Unaweka tabaka jepesi, unangoja. Unaweka jingine, unangoja. Ukiwa na pupa, la pili linalilowesha la kwanza na yote mawili yanageuka tope. Tena hazina nyeupe. Anayepaka chokaa akitaka weupe anaupaka. Mwenye rangi za maji akitaka weupe hana la kufanya ila kujizuia: mahali pale asipaguse tangu mwanzo hadi mwisho, aiachie karatasi yenyewe iseme. Kwa hiyo, alijiambia Somoe, mng'ao ulio kwenye shavu la mtungi sikuutengeneza mimi. Ni mahali nilipouzuia mkono wangu. Na kama kilicho bora katika picha yangu ni kile ambacho sikukifanya, watu wananisifu kwa lipi? Rangi ilikuwa imekauka, akaendelea na kazi.

Sheria kubwa ya Jumba ilikuwa moja. Kila mtu wa mji ana haki ya kitu kimoja, alichokitengeneza kwa mkono wake mwenyewe, na kiwe kimekamilika. Kikichorwa na kupigwa muhuri, jina la mwenyewe linabaki. Asiye na kitu Jumbani jina lake hulegea, kama jino, mpaka asubuhi moja linadondoka, na watu wanapita mlangoni kwake wakidhani nyumba haina mtu. Mwisho wanakuwa na haki ya kudhani hivyo. Ndivyo alivyokwenda Mwaka, rafiki wa mama yake Somoe tangu usichana. Mwaka alisuka mikeka ya kutajwa, lakini kila alipoambiwa apeleke mmoja Jumbani alisema kesho, na katika mji ule kesho si siku ya kuitegemea. Akasahaulika. Somoe mwenyewe, ambaye kwa maneno ya mama yake alilelewa mgongoni kwa Mwaka, hakuikumbuka hata sura yake. Jina alilijua kwa sababu moja tu: mama yake hakuacha kuliita.

Mama huyo, Bi Mashavu, alikuwa kitandani katika chumba cha uani, miguu haimchukui tena. Alikuwa akisahau mambo. Kuna siku alimwita Somoe kwa jina lake, na kuna siku alimwita "wewe binti", kwa heshima zote, akamwuliza wazazi wake hawajambo. Alisahau kama amekula. Lakini yule ambaye mji mzima ulimsahau, yeye alimkumbuka. Kila alasiri aligeuza uso mlangoni, akaita, akasikiliza, na asipoitikiwa akasema pengine Mwaka amekwenda kisimani.

Chini ya kitanda chake palikuwa na mkeka. Ndio uliokuwa wa mwisho; mingine yote ilikwenda harusini na matangani, kama mikeka inavyokwenda. Ulikuwa wa ukindu mwembamba, wenye mistari myekundu na myeusi, kila ukili, ukanda uliosukwa, umeshonwa kwa ukili mwingine hadi ukafika upana wa kulala watu wawili. Kasoro ilikuwa mwisho wake. Huko ukili uliachwa njiani, majani yakining'inia kama nywele za mtoto aliyekimbia kabla hajamalizwa kusukwa, na upindo wa kuufunga mkeka ukingoni haukuwepo. Haukuwepo kwa makusudi. Desturi ya wasukaji wa mji ule ilikuwa kwamba mtu hamalizi mkeka aliouanza. Anausuka hadi karibu na mwisho, kisha anamwachia mwingine kipande kilichobaki na upindo, kwa sababu amalizaye mkeka wake mwenyewe amejifungia njia. Na damu moja ni mkono mmoja: mtoto hamalizi wa mama, wala dada wa dada. Lazima uwe mkono wa mbali. Na mwenye mkono huo akishatia upindo, amejitwika mwenzake. Kuugua kwa huyu ni shughuli ya yule, na msiba wa huyu haumpiti yule. Mikeka yote ya Bi Mashavu ilimalizwa na Mwaka, na ya Mwaka yote ilimalizwa na Bi Mashavu. Huu mmoja ulikuwa ukingoja Mwaka atoke kisimani.

Somoe alijaribu kutafuta mkono mwingine. Alikwenda kwa mama mmoja, akaambiwa macho hayaoni. Alikwenda kwa wa pili, akaambiwa vidole vimekufa ganzi, na vidole hivyo hivyo vilikuwa vikichambua mchele mbele yake bila kukosa chuya hata moja. Hakuwalaumu sana. Siku hizi walitandika mikeka ya plastiki, isiyoanzwa na mtu wala kumalizwa na mtu, na isiyomfunga mtu na mazishi ya mwenzake. Nani ajitwike bibi wa watu ambaye jina lake limeanza kulegea? Maana lilikuwa limeanza. Muuza mkaa, aliyewahi kula kwa Bi Mashavu kila sikukuu, alimwuliza Somoe haogopi kukaa peke yake katika nyumba kubwa namna ile. Somoe alirudi nyumbani mbio. Alichokiogopa hakikuwa kifo. Kifo alikijua, kina taratibu zake na watu wake. Aliogopa kwamba asubuhi moja atafungua mlango wa uani, amkute kitandani bibi kizee asiyemjua, ampe shikamoo ya ugenini, kisha amwulize kwa adabu ametokea wapi.

Akalipeleka shauri lake kwa Bwana Msabaha. Huyu alikuwa mtu nadhifu, mpole wa sauti, aliyekagua picha maisha yake yote bila kushika brashi hata mara moja, na aliona fahari kwa hilo, akisema kadhi hahitaji kuiba ndipo aujue wizi. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo lenyewe ni jepesi mno. Mkeka hauna haja ya kumalizwa, imalizwe picha. Somoe achore ule ukili wa mwisho kama ungekuwa umesukwa, atie upindo wa rangi, picha ipigwe muhuri, jina la mama libaki mahali pake.

"Lakini mkeka wenyewe haujafungwa," Somoe akasema.

"Mkeka wenyewe ni upi, binti? Huo wa chini ya kitanda utaliwa na mchwa. Kilicho kwenye karatasi ndicho kitu. Vingine vyote ni mfano wake tu."

"Basi nikiufunga kwenye karatasi nimeufunga kweli. Na mimi ni damu yake."

Bwana Msabaha alitabasamu, akamwambia hayo ni mazungumzo ya kina mama ukumbini. Jumamosi picha iwe tayari, tena kamili. Isiyokamilika si picha ya kitu, alisema, ni picha ya nia, na nia hazina kabati katika Jumba hili.

Somoe akauchora. Karatasi ziliunganishwa, zikaloweshwa zisije zikajikunja, zikatandazwa sakafuni katika chumba chake cha Jumbani, naye akapiga magoti juu yake kama mtu anayetafuta sindano. Alianza mahali mama yake alipoanzia. Ukili wa kwanza ulikuwa umekazwa sana, kwa vidole vya mtu mwenye haraka ya kuonekana fundi, na alipokuwa akiutia wekundu wake, msichana mmoja aliingia chumbani bila hodi, akamwita "dada", akauliza kama kuna maji ya kunywa. Somoe akampa. Alimtambua kwa vidole, vilikuwa vya mama yake. Hakushtuka kupita kiasi; huko siku zilikuja zilivyopenda, na bila shaka mkeka huo haukusukwa mwaka mmoja. Alipofika katikati aliingia mwanamke mwenye mimba, akajipumzisha kwenye kigoda, miguu imevimba, akasema mtoto huyu anapiga mateke kama ana ugomvi na mtu. Somoe alimtazama tumbo kwa muda, akaona haya, akarudi kwenye kazi. Kuanzia hapo ukili ulilegea, ukawa mpole, mistari ikaacha kushindana. Mahali pamoja wekundu ulikatika ghafla ukawa mweusi mtupu. Ndipo alipofiwa na mume. Kisha mistari ikarudi, myembamba. Somoe aliyachora yote, hakusahihisha hata moja. Alipoukaribia ukingo alisikiliza mlangoni, na safari hii hakuingia mtu.

Akakaa juu ya visigino vyake, brashi mkononi, na fikra zikaanza kumjia vipande vipande, kila kimoja kikimkatiza kilichotangulia.

Kitu huwa kitu lini? Kinapoanza? Basi mkeka ulikuwa mkeka siku ukindu ulipokatwa, na mimi nilikuwa mimi kwenye kigoda kile.

Kinapotumika? Basi kifumbu ni kofia.

Kinapokamilika? Basi mama yangu hajawa mtu bado. Hakuna mtu aliye mtu, isipokuwa maiti.

Na nani aliyesema kamili? Aliyesema hajasuka.

Nikiuchora upindo, namfunga. Nisipouchora, namsahau.

Ningemwomba mtu. Nimewaomba watu.

Mkono wangu ni mkono wake. Ndiyo tabu. Ndiyo tabu yote.

Alilia kidogo, akigeuza uso pembeni ili chozi lisidondokee rangi, kwa kuwa chozi nalo ni maji na lingefanya kazi yake. Kisha akachora hadi mkono wa mama yake ulipokoma. Hapo akaiosha brashi.

Jumamosi ikaja katikati ya Jumanne, bila kubisha, kama ilivyo kawaida yake. Bwana Msabaha akaingia na muhuri. Aliizunguka picha taratibu, mikono mgongoni, na kadiri alivyozunguka ndivyo alivyopunguza mwendo. Akakiri kwamba hajapata kuona kazi ya namna ile. Mtu angeweza kujilaza. Alikuwa akisema hivyo alipofika ukingoni, akasimama. Ukingo mzima, kwa upana wa kiganja, ulikuwa karatasi tupu.

"Na hapa?"

"Hapo nimeuzuia mkono," Somoe akasema.

"Pachore. Rangi bado mbichi."

"Mimi nimeanza, bwana, tena mimi ni damu. Anayemaliza ni mwingine." Akamnyooshea brashi.

Wachoraji wa vyumba vya jirani walisema baadaye kwamba aliichukua kwa hasira, na wengine wakasema kwa majivuno. Somoe alikuwa karibu naye, aliona vingine. Aliona jicho la mtu lililoirudia picha ile mara tatu, kutoka wekundu hadi weusi hadi wekundu, na jinsi ilivyomwuma mwenyewe kuwa yeye ndiye wa kuitupa. Bwana Msabaha alipiga magoti, na magoti yakalia. Alichovya brashi kwa maji mengi mno, kama anayechota mchuzi. Jani lililotakiwa kupita chini alilipitisha juu, akaliona kosa, akajaribu kulifuta kwa kidole, likatapakaa. Jasho likamtoka. Upindo wake ulikwenda kama njia ya mlevi, mara unaufuata ukingo, mara unauacha. Alipomaliza alisimama, akaitazama kazi ile kwa macho ya mkaguzi, na mkaguzi aliyekuwa ndani yake alitaka ikataliwe pale pale. Kisha akapiga muhuri.

"Umeumaliza mkeka wa mama yangu," Somoe akamwambia.

"Nimemaliza picha."

"Ulisema kilicho kwenye karatasi ndicho kitu."

Bwana Msabaha aliipepea rangi ikauke. Mtu aliyeishi kwa kanuni moja hana pa kukimbilia inapomgeukia. Alikunja picha, akakumbuka kwamba bado kuna jambo moja: mwenye kitu lazima aonyeshwe picha yake, aulizwe "Ndicho?", naye ajibu "Ndicho", la sivyo muhuri ni wino tu. Na kwa kuwa bibi hatembei, itabidi waende. Somoe hakuwa na nguvu ya kufurahi. Alikuwa akiomba tu kwamba wakifika nyumbani atamtambua aliyemo.

Walipita mitaa ambayo siku ile ilikuwa mirefu kuliko kawaida. Somoe aliufungua mlango wa uani taratibu, akamwona bibi kizee kitandani, na kwa kitambo kidogo, kitambo cha pumzi moja, hakumjua ni nani. Kisha akaviona vidole.

Bwana Msabaha alipiga hodi, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Wakaifungua picha na kuitandaza juu ya kitanda, ikamfunika bibi hadi kifuani.

"Ndicho?" Bwana Msabaha akauliza, kwa sauti yake ya kazini.

Bi Mashavu aliuweka mkono juu ya karatasi, akaanza kuupitisha kutoka ukili hadi ukili, midomo ikimcheza kama anayesoma. Kwenye ule weusi mtupu alisita, akaguna, akaendelea. Alifika ukingoni. Kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda tena.

"Huu mkono wa nani?"

Somoe alimtazama mkaguzi. Kusema kweli alitegemea angesema ni mkono wa Jumba. Watu wa Jumba walisema hivyo kila walipoulizwa jambo.

"Wangu, mama," Bwana Msabaha akasema.

"Mbovu."

"Ndiyo, mama."

"Mbovu sana huu. Nani alikufundisha?" Akapitisha kidole kwa mara nyingine juu ya lile jani lililokosea njia, polepole, na uso ukamfunguka kama wa mtu aliyetua mzigo. "Lakini si wa kwetu," akasema. "Si wa damu yetu huu. Binti, hebu uvute ule mkeka. Na wewe vua viatu, ukae."

Bwana Msabaha akavua viatu. Picha ilikunjwa ikasimamishwa pembeni, na hakuna aliyekumbuka kwamba lile neno "Ndicho" halijatamkwa. Somoe alileta beseni la maji ya kulowekea ukindu. Bi Mashavu, ambaye asubuhi ile hakujua kama amekula, alifundisha bila kupepesa macho: hili juu, hilo chini, usilivute hivyo, unasuka au unafunga mbuzi, fumua, anza tena. Mkaguzi alifumua, akaanza tena. Alikatwa na ukindu vidole viwili, akainyonya damu, akaendelea. Jumamosi nyingine ikafika Jumbani, ikakuta hakuna wa kukagua, ikapita zake. Pakawa na jua, pakawa na mvua, pakawa tena na jua, huenda la siku ile ile. Somoe alikaa kizingitini bila kazi yoyote mikononi, jambo ambalo hakulizoea, akautazama ukili ukirefuka kwa upande, mbaya, uliopinda, wa kweli. Alitamani kuuchora na mikono ikiwemo. Hakuinuka kuifuata brashi.

Alasiri ikaingia. Upindo ulikuwa umekwisha kuizunguka pembe ya mwisho, na Bwana Msabaha alikuwa ameinama, jani moja amelibana kwa meno, anatafuta mahali pa kulifichia ncha. Bi Mashavu aligeuza uso. Hakuugeuzia mlangoni.

"Mwaka," akaita.

Somoe alifungua kinywa amweleze, kwa upole, kama alivyomweleza mara nyingi, kwamba Mwaka hayupo, na kwamba huyu ni Bwana Msabaha wa Jumba la Picha, mwanamume mzima, mkaguzi. Hakuwahi.

Bwana Msabaha alilitoa jani mdomoni, akainua kichwa.

"Abee," akaitika.